Maziwa Mepesi

Maziwa yalikuwa mepesi tena. Tekadeit aliinamisha bakuli la mti, yakateremka ukingoni kama maji ya kuoshea mchele. Kisima walichokitegemea njiani jangwani walikikuta kimefukiwa na mchanga, viriba vimebaki ngozi tupu, na mwanawe Ghaisha, midomo imepasuka, hakuwa na kingine cha kunywa ila maziwa haya. Sasa huyu bwana anayatia maji! Na maji ameyatoa wapi, kama si kwamba ameyaficha?

Bwana mwenyewe ni Ghabduwan, mtoto wa mjomba wake. Walikuwa watani tangu utotoni, na kwa Watuareg mtani akikutukana, kukasirika ni aibu yako. Kukamua ngamia nako ni kazi ya wanaume. Tekadeit alijua mbuzi tu. Bakuli la ngamia lilimfikia limeshajaa.

"We masikio ya punda," alisema, akijilazimisha kucheka, "kisima chako umekificha wapi?"

"Ndani ya suruali," Ghabduwan akajibu, sauti imekauka nyuma ya kilemba kilichomfunika mdomo. "Chungulia kama huogopi, bibi pua ndefu."

Utani gani huu, na mtoto anakufa? Tekadeit aliurukia mfuko wa ngozi wa Ghabduwan, akaukung'uta mchangani. Zikaanguka sindano, tumbaku, na kijiwe laini cha kumung'unya kutuliza kiu. Maji hayakuwamo. Ghabduwan aliinama kuokota kijiwe chake bila kumtukana, na hilo likamtisha Tekadeit kuliko tusi lolote.

"Mlete ndama. Nakamua mwenyewe."

"Mwanamke akamue ngamia? Watu watasemaje?"

"Watu wako wapi?"

Ndama aliletwa, akanyonya kidogo, mama yake akaachia maziwa. Tekadeit akainua goti, akaliweka bakuli juu yake, akasimama kwa mguu mmoja kama alivyowaona wanaume. Akavuta. Maziwa yakatoka chuchuni mepesi vilevile.

Akamwangalia yule ngamia upya. Nundu imelala, mbavu zinahesabika, kinyesi kikavu kama kokwa za tende, mkojo matone tu. Mwili ulikuwa unabana maji kila mahali isipokuwa kwenye kiwele. Huko uliyamwaga, ili ndama asife kiu. Na Ghaisha alikuwa anaishi kwa maji hayohayo. Tekadeit aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Kunywa wewe kwanza," akasema.

"Mpe mtoto, Tekadeit."

Ghabduwan hakuwahi kumwita kwa jina lake, hata siku moja. Ndipo alipoelewa kwamba mabakuli yote yalikuwa yanamfikia yeye na mtoto, na binamu alikuwa anakula kijiwe. Ghabduwan aliketi chini taratibu, akashindwa kuinuka.

Tekadeit alimlazimisha kunywa mafunda machache, akamfunga juu ya ngamia, akambeba Ghaisha mgongoni, akakokota kamba kuelekea kisima cha mbele. Walifika jua limepanda. Wachota maji wakamnywesha ngamia, naye akanywa mpaka ubavu ukajaa. Ghaisha alilia kwa nguvu akitaka tena. Ghabduwan alikuwa amelala kivulini, macho ameyafumba, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Nitukane," Tekadeit alimwinamia. "Mwana wa mjomba, nakuomba, nitukane."

Koo la Ghabduwan likapanda, likashuka.

"Unakamua vibaya," akanong'ona. "Mguu mmoja, kama korongo."

Tekadeit akaangua kilio mbele za watu wote.