Mtetemo Chini ya Kiti

Tangu baruti ya mgodini Bugarama imzibe masikio, Maduhu alikuwa akisikia kwa makalio. Chini ya kiti cha lori lake la kumwagia kifusi, Fazal, fundi wa mtaa wa Kambarage, alimfungia mota ya waipa, ile ya kufutia kioo, yenye nati nzito upande mmoja. Mtu wa nyuma, anayemwongoza lori likirudi kinyumenyume, akibonyeza kitufe, kiti kilitetemeka, dereva akajua asimame.

Mtu wa nyuma alikuwa Paskalina, mjane wa kaka yake Jilala. Lori lilikuwa la ndugu wawili. Sasa lilikuwa la maadui wawili. Paskalina hakumwamini shemeji yake hata kwa dizeli iliyomo tangini, kwa hiyo kila safari alipanda. Siku ya kuondoa matanga alikuwa amesema mbele ya ukoo mzima: "Jilala alitikisa kamba avutwe atoke shimoni kabla baruti haijalipuka. Wewe uliyeishika huko juu ukaiachia, ukakimbia." Maduhu aliapa kwamba kamba haikutikisika.

Haikupita wiki, akarudi kwa Fazal.

"Geuza. Kiti kitetemeke njia ikiwa salama. Kikinyamaza, nisimame."

Fazal alisema taratibu ili midomo yake isomeke. "Umefikiri vema, bwana. Hata waya ukikatika, utasimama."

"Sikufikiria waya. Anayetaka kuniua naye atoe jasho, abonyeze kwa mkono wake."

Siku moja baada ya hapo walikuwa wakirudi nyuma kwenda kumwaga kifusi kwenye shimo lililoachwa, ambalo mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimeumega ukingo wake. Vumbi lilifunika vioo. Kiti kilitetemeka, kikatetemeka, kisha kikanyamaza. Maduhu akakanyaga breki.

Paskalina akaja dirishani, uso ameukunja.

"Shemeji. Kamba ilitikisika?"

Maduhu aliitazama mikono yake juu ya usukani. Kila mtetemo ulipompanda mwilini, ile kamba ilimrudia viganjani, na alikuwa amechoka nayo, amechoka mno.

"Ilitikisika," alisema kwa sauti asiyoisikia mwenyewe. "Ilitikisika sana. Niliogopa."

Paskalina hakulia. Alitema mate chini, akarudi nyuma ya lori.

Maduhu akaingiza gia ya kurudi nyuma, mguu ungali juu ya breki. Angeweza kushuka akajionee ukingo ulipo. Alikaa.

Kiti kikaanza kutetemeka.

Akaachia breki.