Jumamosi ya Nevena

Bwana Gerchev, mwalimu mkuu mpya wa shule ya viziwi, hakuwa mtu mbaya. Alipaka rangi bweni, akatupa vitanda vya chuma vilivyokuwa vikichana soksi za watoto, halafu akabandika tangazo: kila anayelea watoto bwenini sharti awe na cheti cha lugha ya alama.

Rayna alilisoma akacheka. Alizaliwa kiziwi. Aliletwa shuleni hapa akiwa na miaka saba. Sasa ana hamsini na miwili, ni mlezi wa bweni, na chumba chake kiko nyuma ya chumba cha kufulia. Kwingine hana. Hata Iskra, mwalimu kijana aliyekuja bila kujua alama hata moja, ni Rayna aliyemfundisha, wakimenya pilipili hoho za kuchoma uani.

“Wanataka kunipima kama najua kuwa kiziwi,” alimwambia Iskra kwa mikono.

“Usijali, shangazi. Mimi ndiye mkalimani wako. Watashika adabu.”

Mtihani ulifanyika bwaloni, mbele ya Bwana Gerchev na walimu. Mtahini alikuwa mama mwenye masikio mazima na kamusi nene ya picha. Alitaja neno, Iskra akalipitisha, Rayna akaonyesha alama yake. Kwa “Jumamosi” Rayna alijisugua kichwa kwa vidole vyote, maana shuleni hapa Jumamosi ndiyo siku ya kuoga tangu enzi na enzi. Mtahini akapekua kamusi.

“Siyo.”

“Kamusi hiyo ameitunga mtu aliyevaa glavu,” Rayna alisema. Iskra hakuitafsiri.

“Muulize alama hizi kazitoa wapi,” mtahini akamwambia Iskra.

“Kwa viziwi,” Rayna akajibu.

Mtahini alitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mchoro wa mtoto. Hapo Iskra, kwa nia njema kabisa, akasimama. “Mwiteni mtoto yeyote. Mtaona nani anaeleweka.”

Akaletwa Nevena, wa miaka sita. Mama yake alikwenda Italia majira ya kuchipua kutunza wazee, na hakuwa amerudi hata mara moja. Mtahini alichukua sentensi ya kwanza kitabuni: Mama atakuja Jumamosi. Akaionyesha polepole, kwa alama za kamusi. Nevena alimtazama kama anayemtazama mtu akifukuza nzi.

“Haya, zamu yake,” mtahini akasema, akimwonyesha Rayna.

“Mwambie achague sentensi nyingine,” Rayna alisema haraka. “Huyu mtoto ataamini.”

Iskra akafikisha ombi. Mtahini akatikisa kalamu. “Tangu lini mtahiniwa akachagua swali? Asipojibu, naandika sifuri.”

Rayna akaonyesha. Nevena aliruka juu, akapiga ukelele ambao yeye mwenyewe hakuusikia, akatoka mbio kwenda kuwaambia wenzake. Walimu wakacheka.

“Mmeona?” Iskra alisema, uso umemwiva kwa furaha.

“Nimeona,” alisema Bwana Gerchev, na kweli alionekana kuhuzunika. “Miaka yote hii amewafundisha lugha inayoishia getini. Wakitoka hapa, watazungumza na nani?”

Iskra akaketi.

Iskra akapewa bweni, pamoja na kamusi ile. Rayna angebaki na chumba chake na kazi ya kufua. “Ila mikono yake itulie mbele ya watoto, mpaka wazoee alama sahihi,” alisema Gerchev. “Nikimwona mara moja tu, tutaagana.”

Iskra alitafsiri yote. “Kubali, shangazi. Ni kwa muda tu. Mambo yatakaa sawa.”

“Mwambie Nevena ukweli. Leo.”

“Leo.”

Na Iskra hakuvunja ahadi. Alimwambia siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa, kwa alama sahihi kama alivyoagizwa. Kila mara Nevena alimtabasamia kwa adabu, akarudi kwenye michezo yake.

Jumamosi asubuhi mtoto aliingia chumba cha kufulia. Alikuwa amevaa koti, nywele amezilowesha na kuzichana mwenyewe, begi mgongoni.

“Mama anafika saa ngapi?”

Rayna alikuwa akikunja mashuka. Nje ya dirisha, kwenye ngazi, alisimama Bwana Gerchev na kikombe cha kahawa. Macho yao yalikutana. Akampungia mkono kwa upole.

Nevena alimvuta aproni. “Saa ngapi? Si wewe uliyesema?”

Ilikuwa alama mbili tu. Mama. Haji. Rayna alizihisi vidoleni. Kisha akaona kitanda chake kupitia mlango ulioachwa wazi nyuma ya mashine, na blanketi lake la tangu utotoni, akajaribu kufikiri ni nyumba gani angebisha hodi akiwa navyo mgongoni. Alichukua shuka jingine. Akachezesha midomo pole pole: haji, mwanangu, haji. Lakini Nevena alikuwa bado hajajifunza kusoma midomo. Aliutazama mdomo ule ukifunguka na kufungika. Akapiga mguu sakafuni, mara mbili, jinsi viziwi wanavyoitana. Mtetemo ulipanda nyayoni mwa Rayna mpaka magotini. Akalinganisha pembe za shuka.

Mtoto akarudi nyuma hatua moja. Wasichana wawili walikuwa wakichungulia mlangoni.

“Amesemaje?” wakamuuliza.

“Achaneni naye,” Nevena akawajibu kwa mikono. “Ameanza kusikia.”

Akakaza mikanda ya begi lake, akaenda kukaa getini.