Rimu Haina Kosa

Mzee Seth Owino aliisukuma baiskeli yake hadi kibanda cha bintiye Celine, pale Kaplong, akaiegemeza ukutani.

"Rimu ya nyuma imepinda. Ninyooshee. Kesho nampeleka mama yako kanisani ng'ambo ya bonde."

Kwa miaka thelathini Mzee Seth alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, mtu aliyeweza kusikia beringi ikilia akiwa bado getini. Alipostaafu hakurudi kwao ziwani kama wenzake. Alifungua kibanda hiki, akamfundisha Celine kila alichokijua, na macho yalipoanza kuchoka kwa kazi ndogondogo, akamwachia. Baiskeli yake mwenyewe lakini hakumwachia mtu. Hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuileta.

Celine aliipindua miguu juu, akazungusha gurudumu la nyuma. Kweli, lilirukaruka. Kipkurui, mfugaji aliyekuwa akisubiri kutengenezewa breki za baiskeli yake ya maziwa, akachungulia.

"Imepinda, Mzee. Hata mimi naona."

Celine aliokota kijiti, akakibana kwenye fremu kikakaribia ukingo wa rimu, akazungusha tena. Nafasi kati ya kijiti na chuma haikubadilika hata kidogo. Akakisogeza juu ya tairi. Tairi likakigusa, tk. Mzunguko mzima kimya, kisha tk, palepale.

Kumwambia mteja amekosea ni kazi ya kila siku. Kumwambia mtu aliyekufundisha kushika spana ni jambo jingine.

"Baba, rimu haina kosa. Ni tairi. Imeisha."

"Imeisha? Tairi iko na meno yote!"

"Meno iko, Baba. Mwili ndio umekufa."

Kipkurui alikohoa, akageuka kutazama barabara. Mzee Seth akasogea karibu na baiskeli.

"Nyathina," akasema polepole, yaani mwanangu kwa lugha ya nyumbani, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. "Usiniuzie tairi kama mtu wa kupita njia. Nionyeshe."

Celine alitoa upepo, akalivua tairi, akaligeuza ndani nje. Akaushika mkono wa babake na kukipitisha kidole chake taratibu juu ya nyuzi za ndani. Kidole kilisimama. Zilikuwa zimekatika, urefu wa kidole kizima, kama kamba ya katani iliyotafunwa na panya.

"Lile jiwe la darajani," Mzee akanong'ona. "Nililigonga nikiwa na gunia la viazi."

"Ningeweza kuweka kipande cha tairi kuukuu ndani, lakini sitaweka. Nyuzi zikishakatika hivi, hakuna kitu ya kuzuia tyubu. Mteremkoni, na Mama akiwa nyuma, itapasuka. Siwezi kuijaza upepo nikuachilie uende."

Alisema hayo akiwa wima. Mzee Seth akapitisha kidole tena, mara mbili, mara tatu, kama anayesoma. Kisha akacheka, kicheko cha kifuani kilichowageuza wachuuzi wa ng'ambo ya barabara.

"Kipkurui! Umeona vile mimi na wewe tumedanganyika? Sisi tuliamini macho. Huyu akaamini kijiti. Na hiyo ya kijiti, wallahi sikumfundisha mimi!"

"Nilijifunza mwenyewe," Celine akasema.

"Nimesikia."

Kipkurui akasogeza baiskeli yake kando. "Basi Mzee, tangulia wewe. Mimi nitangoja."

"La hasha. Wewe ulifika kwanza. Fundi atanifikia."

Akaketi juu ya debe, tairi bovu mapajani. Phyllis wa duka la mbolea alipopita, akamwita aje aguse zile nyuzi, akamweleza kisa chote tangu mwanzo, na kijiti akakionyesha. Aliyefuata akaelezwa vilevile. Celine aliinama juu ya breki za Kipkurui, akainama zaidi ya kazi ilivyohitaji, maana uso wake ulikuwa umekataa kabisa kuacha kutabasamu.