Ngozi ya Ndama

Hamo wa Hathersby, mtengeneza ngozi za kuandikia, aliijua sheria ya mfalme kuliko makarani wenyewe: hati ya ardhi huandikwa kwenye ngozi ya kondoo, basi. Ukiikwangua hiyo ufute jina, inachunika na kuacha kidonda, na kila mtu anauona ujanja wako. Ya ndama haina shida hiyo. Unakwangua, unasugua chaki, unaandika upya, na hakuna anayejua.

Sasa, mwaka ule wa maradhi ya kondoo, karani wa serikali alipoagiza ngozi, Hamo hakuwa na hata moja. Angesema ukweli, karani angekwenda kwa mwingine. Akampa za ndama zilizopakwa chaki nyingi, akanyamaza. Karani aligundua upesi, naye akanyamaza. Miaka miwili baadaye, malisho ya mjane Avisia, jirani ya Hamo ukuta kwa ukuta, yalisomeka kwenye hati ya karani yule kuwa ni ya bwana wa ngome.

Avisia alishtaki. Jaji alipitisha kidole juu ya hati, akasema ni laini, haijakwanguliwa. Hata hivyo akamwita aliyeitengeneza ngozi.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Ya kondoo?"

Avisia alikuwa akimtazama kwa matumaini, maskini. Hamo akaiwaza jela, akaiwaza karakana yake ikifungwa.

"Ya kondoo," akasema.

Kesi ikaishia hapo. Jaji akapanda farasi kwenda wilaya nyingine, naye Hamo akarudi karakanani. Mwoga mkubwa wewe, alijiambia kwa sauti, peke yake na kisu chake cha kukwangulia.

Wiki ya tatu Avisia alikuja akisukuma mkokoteni. Hakuwa tena na pa kulishia, kwa hiyo alikuwa amechinja kondoo wake wote kumi na mmoja. Akazipanga ngozi mezani.

"Chukua, kaka Hamo. Ulisema unachokijua, sikulaumu. Na hizi najua unahangaika kuzipata."

Hamo aliweka kisu chini.

"Dada Avisia, ile ilikuwa ya ndama."

Avisia hakupiga kelele. Alianza kuzirudisha ngozi mkokotenini, moja baada ya nyingine. Hamo aliponyoosha mkono amsaidie, Avisia alimwambia asiziguse.