Siku Fikiri Aliponiamkia

Watu wakisimama kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi huwa wajinga ghafla. Nimefundisha darasa la tano miaka thelathini na moja hapa Tabora, ujinga naujua, lakini ule wa pale ulinishinda. Nina mpira kooni, mashine inanipumulia, mikono imefungwa kitandani nisije nikaung'oa, na mchungaji ananiuliza, "Mwalimu Nyamizi, unajisikiaje?" Halafu anangoja jibu.

Nimonia ndiyo iliyonilaza. Siku za kwanza akili iliniruka. Niliona wapagazi wa misafara wakipita ukutani, mstari mrefu, mabegani pembe za ndovu, na mnyapara wao ananikaripia nibebe mzigo. Hata maruweruwe yangu yalitoka kwenye kitabu cha darasa la tano. Akili iliporudi, hakuna aliyejua kwamba imerudi. Muuguzi Consolatha alinigeuza ubavu huku akimsimulia mwenzake harusi ya Nzega, nani kavaa nini, nami nikasikiliza mpaka mwisho kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Harusi yenyewe ya hovyo.

Daktari, kijana ambaye ndevu bado zinamkataa, alimwambia binti yangu Julieth, mimi nikisikia, kwamba mara mbili wamenipunguzia mashine ili nipumue mwenyewe na sijajitahidi. Kesho wangejaribu tena. Nikishindwa watanitoboa shingo, na kwa umri wangu asitarajie mengi. Eti sijajitahidi. Nilimdharau, lakini kweli nilikuwa nimechoka. Kila pumzi ilikuwa kama kuvuta ndoo kisimani, nami nilishaanza kujiuliza ya nini.

Mchana ule akaja Fikiri. Huyu ni fundi cherehani, jirani yangu pale Ipuli. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na miaka ishirini hajawahi kunisalimu kama mtu. Salamu yake ni moja: "Hujafa tu?" Nami humjibu kwamba nangoja nimzike yeye kwanza. Nilipofiwa na mume wangu, watu wakilia, Fikiri alijilaza ndani ya kaburi, akasema hatoki mpaka achinjiwe kuku. Nilicheka siku ambayo nilidhani sitacheka tena.

Basi nikamsubiri anitukane. Nilikuwa na hamu ya lile tusi kuliko maji. Fikiri akasimama, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, akanitazama. Kisha akainama.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, na machozi yakamdondoka kwenye shuka langu.

Ndipo nikaogopa. Daktari angeweza kukosea, mchungaji naye ni wa kukosea kila siku, lakini kama Fikiri ananiheshimu, nimekwisha. Hofu ikanikaa kifuani kutwa nzima, halafu ikageuka hasira. Mpumbavu huyu, miaka ishirini ananitukana nikiwa mzima, leo siwezi kumjibu ndiyo anajifanya mstaarabu? Anizike na adabu zake? Thubutu.

Asubuhi wakapunguza mashine. Nilipumua kwa hasira tu. Pumzi moja ya Fikiri, moja ya daktari, moja ya ile harusi ya Nzega. Nikivuta, nawasonya moyoni. Ilipofika saa sita daktari akasema kwa mshangao kwamba naweza, kana kwamba yeye ndiye aliyefanya kazi, wakautoa mpira.

Jioni Fikiri akachungulia mlangoni, tayari amevaa sura ya msibani. Akaniona nimeegemea mito, mdomo wazi, sina mpira. Nikaona anautafuta uso wake wa kila siku.

"Hujafa tu?" akasema. "Sanda nilishaikata. Sasa niipeleke wapi?"

Koo lilikuwa linawaka, na Consolatha alikuwa amenionya nisitamke hata neno moja mpaka kesho.

"Jishonee kaptula," nikamwambia.