Pakavu Wakati Wote

Kile kisiwa chetu ukikizunguka huchoki: jabali tupu, hatua mia na arobaini. Upande wa bahari kuu ni ukuta wima, utelezi mtupu, hata paka hapandi. Upande wa bara kuna ukingo bapa tunaouita Meza, na jabali lililo juu yake halipandiki vilevile. Maji yakipwa unafika Mezani kwa miguu. Yakijaa, njia inafungwa nyuma yako, umebaki wewe na Meza na Mungu wako.

Mpima ramani alikwenda kukipima siku moja tu, tena siku ya maji mafu, bahari inapojaa kivivu. Bamvua, maji yanapopanda kuliko siku zote, hakurudi. Jua kali, na viatu vipya. Akaandika kwenye ramani iliyobandikwa gatini: "Meza: pakavu wakati wote."

Shemeji yake, mwenye mashua, alikuwa na binti aliyekuwa akibandua chaza Mezani kwa nyundo. Binti aliisoma ramani. Siku ya bamvua bahari ilipomzunguka hakukimbia wala hakupiga kelele; watu wa gatini walimwona amekaa kitako, kapu mapajani, anangoja. Nao wakaendelea na shughuli zao. Ramani si imesema?

Msibani kwa binti, mpima alikula vizuri. Nyumba imefurika hadi barazani, sote tunamsikia: mtoto alikuwa mzembe, aliteleza, ramani haina kosa, na yeye mwenyewe angesimama Mezani siku yoyote ile na viatu vyake vya ngozi. Mwenye mashua akachukua birika. Alimwongezea chai.

Bamvua iliyofuata mwenye mashua akaja mlangoni kwa mpima. "Shemeji, vaa viatu."

Na kwa kuwa tulikuwa tunamtazama, akavaa.

Alimteremsha Mezani asubuhi, akarudisha mashua nyuma kidogo, akatia nanga, akamenya chungwa. Maji yalipofika kwenye visigino mpima alicheka, akasema ni mawimbi tu. Magotini akaomba utani uishe. Kiunoni akaanza kumtaja mkewe, kwamba yule ni dada yako wa tumbo moja, utamwambia nini? Mwenzake akamenya la pili. Kifuani ndipo ulimi ukalegea.

"Nilipima maji mafu. Nilijua inanipasa kurudi bamvua. Niliona uvivu."

"Sema tena, upepo unavuma."

Alisema mara tatu, ya mwisho kinywa kimejaa chumvi, ndipo akatupiwa kamba.

Akaletwa hivyo hivyo anachuruzika hadi uani kwa mwenye mashua, na sisi tumejaa tele. Mama wa marehemu alikuwa anaanika nguo. Bila kugeuka akamuuliza maji yalimfika wapi.

"Hapa." Mpima akagusa kidevu.

Mama akaweka kibanio chini, akamsogelea, akapitisha kiganja kifuani pake kama fundi cherehani anayempima mteja, akakisimamisha chini ya bega.

"Kimo cha mwanangu kiliishia hapa," akasema. "Kaanike viatu, shemeji."