Saa Nane ya Babu Baltazari

Ti. Ti. Ti. Kabla sijainua macho kwenye kompyuta nilijua ni matone ya kwanza yakigonga bati, nikamkumbuka babu yangu Baltazari, aliyepima mvua kule kijijini kwetu Pito kwa miaka ishirini na moja. Kila ilipokatika alitoka na koti lake zito, akasoma kipimo, akaandika daftarini saa na milimita.

Madaftari hayo niliyaingiza mwenyewe kwenye kompyuta ya kituo chetu cha utafiti wa mazao, na programu ya kuyasoma niliiandika mwenyewe. Sasa ilisema mvua za babu hazilingani na za kipimo cha kituo. Mkuu wetu, Dominiko, akaamua kwamba zisipolingana hadi Ijumaa, madaftari yatatupwa nje ya utafiti. Mzee alikuwa akikisia, alisema. Nikawaka. Nikamjibu kwamba babu yangu hakukisia hata chumvi ya mboga.

Asifiwe, mwenzangu kutoka Mbeya, aliuliza kama programu nimeijaribu. Nikasema sina haja, kila mstari wake naujua.

"Kaka Yonas," akasema, "ukitunga shairi unahesabu mizani kwa vidole. Hii mbona huihesabu?"

Alinitaka nichague siku moja ambayo jibu lake nalijua bila kompyuta. Nilikuwa nayo. Nikiwa darasa la tatu tulitoka shule mchana, mvua ikatukuta njiani, babu akanifunika kwa koti lile lililonuka moshi na tumbaku. Nyumbani aliandika: "8 mch, 31." Saa nane mchana, milimita thelathini na moja.

Programu ikasema mvua ile ilinyesha saa mbili asubuhi.

Asubuhi ile nilikuwa darasani, jua linawaka. Nikaona haya. Babu alihesabu saa kama sisi sote. Kompyuta huanza kuhesabu saa sita usiku, na nane yake ni saa mbili yetu ya asubuhi. Ile "mch" niliifuta mwenyewe, nikidhani ni uchafu.

Nikarekebisha, na siku ile nikaiacha ndani ya programu: atakayebadilisha chochote, kwanza aijaribu programu kwa mvua ya siku hiyo. Alhamisi mvua zikalingana. Dominiko akasoma, akayabakiza madaftari kwenye utafiti.

Jumamosi nilikwenda Pito. Bibi Coleta alikuwa akipukuchua mahindi. Baada ya shikamoo nikamsimulia yote. Mikono yake ikasimama. Akauliza nani alimwita mume wake mkisiaji.

"Kosa lilikuwa langu, Bibi. Nakuahidi, kila nitakachokiandika juu ya mvua, kwanza kitapita kwenye mvua ile."